Filamu ya mashini za kuandikia, na swali la nani atashika turnevisi

Kwenye ukurasa huu mumezoea kunisoma juu ya kahawa, udongo na magonjwa ya migomba. Leo nataka kuandika juu ya filamu moja, ingawa mutaona kwamba mwishoni muhogo umenishinda nguvu na umeingia.

Filamu inaitwa California Typewriter. Aliyeitengeneza ni Mmarekani Doug Nichol. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2016, kisha ikaingia katika kumbi za sinema za kwao mwaka 2017. Haina waigizaji: ni watu wa kweli wanaozungumza juu ya mashini za kuandikia, zile za vidole na chuma, zisizo na umeme. Binamu yangu aliniwekea kwenye flashi. Betri ya kompyuta yangu haipitishe dakika arobaini bila umeme, kwa hiyo niliitazama kwa siku tatu, kila siku kipande. Nilicheka peke yangu: filamu inayosifu mashini isiyohitaji umeme inakatika mara mbili juu ya kukosa umeme!

Kwa nini niliitafuta? Juu chini ya kitanda changu kuna Olivetti Lettera 32, ya babu yangu. Babu alikuwa karani katika shamba la kwinini, huku kwetu Kivu. Alipofariki, wajomba waligawana nguo, redio na viti. Mashini hakuna aliyeitaka, ikabaki kwangu. Mwaka huu mgeni mmoja anayefanya kazi hapa Bukavu aliiona, akaniambia atanilipa dola 100 ili aiweke kwenye meza ya salon yake, iwe pambo. Dola 100, na mimi niko na lisansi ya agronomia, sina kazi, na kodi ya chumba inanidai miezi miwili. Nilimwomba anipe muda wa kufikiri. Kisha nikaenda kutazama filamu, nikitumaini itanisaidia kuamua.

Haikunisaidia vile nilivyotaka. Lakini ni filamu nzuri, na nitaanza na uzuri wake.

Inaanza na hadithi ya kutupa. Mwaka 1966 msanii Ed Ruscha na wenzake wawili walikuwa ndani ya gari Buick linalokimbia katika jangwa, wakairusha mashini ya Royal kupitia dirishani. Wakarudi, wakapiga picha vipande vyote vilivyotawanyika barabarani, wakatoa kitabu kidogo mwaka uliofuata. Nichol ameweka tendo hilo mbele kwa akili. Anatuambia: hivi ndivyo tulivyofanya na mashini hizi, tulizitupa kwa mwendo wa kasi na tukacheka. Halafu filamu nzima ni ya watu wanaorudi nyuma barabarani kuokota.

Wanaookota ni wa aina mbalimbali. Kuna mwigizaji Tom Hanks, ambaye wakati wa filamu alikuwa na mashini zaidi ya 200 na anazizungumzia sawa mfugaji anayezungumzia ng'ombe wake, kila moja na sauti yake. Kuna mwanamuziki John Mayer, anayesema kwamba vitu alivyoviandika kwenye kompyuta vimelala katika diski ambazo hatazifungua tena kamwe, lakini karatasi iliyopigwa kwa mashini inabaki mbele ya macho. Kuna David McCullough, mwandishi wa historia, aliyenunua Royal iliyokwisha kutumika mwaka 1965 na kuandika vitabu vyake vyote juu yake. Kuna Sam Shepard, mwandishi wa tamthilia, aliyefariki Julai 2017, wiki chache mbele filamu haijafika kwenye kumbi. Kuna Martin Howard wa Kanada, anayekusanya mashini za miaka ya 1880 na 1890, na ndoto yake ni Sholes & Glidden, ile iliyotengenezwa na Remington na kuuzwa tangu 1874, iliyokuwa inaandika herufi kubwa tu. Na kuna msanii Jeremy Mayer, anayefungua mashini mpaka kipande cha mwisho na kuunganisha vipande hivyo kuwa sanamu za watu na wanyama, bila gundi, bila kuchomelea.

Katikati yao wote kuna duka. Lilikuwa Berkeley, barabara ya San Pablo, na jina lake ndilo jina la filamu. Mwenye duka alikuwa Herb Permillion, mzee Mwamerika mweusi aliyewahi kufanya kazi IBM. Fundi wake alikuwa Ken Alexander. Wanasubiri wateja. Wanapiga hesabu. Mwezi fulani unakuwa mbaya, unaofuata unakuwa mbaya zaidi. Ken anainama juu ya mashini, anasikiliza.

Kwangu mimi, filamu yote iko pale, kwenye mgongo ulioinama wa Ken. Na lawama yangu kwa Nichol ni kwamba kila mara nilipoanza kumwangalia Ken vizuri, kamera iliondoka kwenda kwa mtu mwenye jina.

Nieleze maneno ya fani yangu kidogo, musiniache. Darasani tulifundishwa kwamba kuna njia mbili za kuhifadhi mmea usipotee. Ya kwanza ni kuutoa shambani na kuuweka mahali pa ulinzi: benki ya mbegu, bustani ya watafiti, chupa za maabara. Ya pili ni kuuacha kwa mkulima aendelee kuupanda, kuula, kuuchagua na kumpa jirani. Zote mbili zina kazi yake. Lakini mwalimu wetu alikuwa anarudilia kila wiki: mbegu iliyowekwa kwenye baridi si mbegu iliyookolewa, ni mbegu iliyoahirishwa. Inazeeka polepole. Kama hakuna anayeitoa baada ya miaka na kuipanda ili atoe mbegu mpya, siku moja utafungua kopo na kupanda vitu vilivyokufa.

Nikiwatazama watu wa filamu hii kwa jicho hilo, naona vizuri. Martin Howard ni benki ya mbegu. Anaokoa mashini ambazo bila yeye zingeyeyushwa chuma, na namheshimu kwa hilo. McCullough alikuwa mkulima: hakuwa hata na haja ya kukusanya, alikuwa na moja, aliipanda kila asubuhi. Hanks ako katikati. Anakusanya, lakini anaandika barua juu yake na anagawia watu. Jeremy Mayer anavuna bila kupanda, na filamu haiogopi kutuonyesha kwamba kuna watu wanaoumia wakiona anachofanya. Hapo Nichol amefanya kazi safi: hakumhukumu, alitupa nafasi sisi wenyewe tubishane. Mimi nilibishana na binamu yangu mpaka usiku. Yeye alisema mashini ambayo haiponi, afadhali iwe sanamu. Mimi nilimuuliza: nani amesema haiponi? Fundi gani aliipima?

Swali hilo njo filamu inalipita pembeni. Inatuuliza mara mingi kama tunapenda mashini. Haikai muda mrefu na swali gumu zaidi: nani atajua kuitengeneza?

Acha niwaambie kilichonipata mimi.

Mashini ya babu ilikuwa na ugonjwa mara mbili. Kwanza, ukipiga herufi, gari la karatasi haliendi. Herufi zote zinapandana mahali pamoja mpaka zinakuwa doa jeusi. Pili, baadhi ya mikono ya herufi ilikuwa inapanda na kukataa kushuka. Mimi msomi, nikafanya kile wasomi wanafanya: nikamwaga mafuta. Mafuta ya kupikia, juu ndiyo yalikuwa nyumbani. Siku mbili ilikuwa laini. Siku ya tatu mikono yote ilisimama sawa watu waliopigwa picha.

Nikauliza uliza Kadutu, kando ya soko, wakanielekeza kwa mzee mmoja ambaye zamani alikuwa anatengeneza mashini za biro nyingi za mji. Siku hizi anatengeneza vyerehani, kufuli na mizani za wafanyabiashara. Nilimwekea Olivetti mbele yake. Alinusa. Naapa, alinusa kwanza, kisha akaniangalia.

"Weye unafanyaka kazi gani?"

"Nilisoma agronomia, muzee."

"Agronomu, umeipikia sombe hii mashini?"

Watu waliokuwa pale walicheka mpaka mama wa samaki wa jirani akasimama kuona kuna nini. Nikamuuliza kama itapona.

"Haiyakufa. Iko na njaa ya kuoshwa tu."

Aliosha ile nusu duara ambamo mikono ya herufi imepangwa, kwa petroli na mswaki mzee, akipiga kila herufi ili uchafu utoke ndani ya kijia chake. Akanieleza kwamba pale hapatiwi mafuta kabisa, hata mazuri, kwa sababu mafuta yanakamata vumbi, vumbi linakuwa gundi. Kisha akaigeuza. Nyuma kuna kopo dogo la mviringo lenye springi ndani yake, na kutoka kwenye kopo hilo kuna kamba inayovuta gari la karatasi kwenda kushoto. Kila unapopiga herufi, meno madogo yanaachia gari lisogee nafasi moja tu. Kamba ya babu ilikuwa imeoza na kukatika. Ndiyo maana gari lilikuwa halivutwi na kitu chochote. Ugonjwa wote wa kwanza ulikuwa kamba!

Mzee alimtuma kijana akanunue uzi wa nailoni, ule mnene wanaotumia wavuvi wa ziwani. Akafunga fundo, akazungusha kopo kukaza springi, akasimama, akanipa.

"Sukuma gari. Sikia kwa kidole. Iko namna gani?"

"Iko ngumu kidogo."

"Hapana. Sukuma tena. Usiseme mbio."

Nilisukuma labda mara kumi. Nilitaka aniambie ni mizunguko mingapi ya springi, niandike kwenye simu. Alikataa. Alisema springi hii ni mzee, haina nguvu ya ile iliyotoka kiwandani, kwa hiyo namba ya kitabu itanidanganya. Ikiwa legevu, gari litachoka kabla halijafika mwisho wa mstari. Ikiwa kali sana, inaruka nafasi na kula meno. Kati ya hizo mbili, kidole njo kinajua. Siku ile kidole changu hakikujua kitu. Wiki ya tatu, kilianza kujua.

Sasa munaona muhogo unaingia. Mahindi, unaweza kukausha mbegu, kuweka katika chupa yenye majivu, kuziba, kwenda safari na kurudi msimu ujao, mbegu inakusubiri. Muhogo hauko hivyo. Ukipanda mbegu ya muhogo, mtoto hafanani na mama yake. Aina uliyoipenda imepotea. Ukitaka aina ileile, lazima ukate mti uliokomaa, ungali mbichi, na kuuchomeka ardhini. Msimu baada ya msimu, mkono kwa mkono. Maabara wanaweza kuuweka ndani ya chupa, ndiyo, lakini hata pale kuna mtu anayeuhamisha kutoka chupa hadi chupa. Akiacha, umekwisha. Kijiji kikiruka misimu michache bila kupanda aina fulani, hakuna kopo la kufungua.

Kuna ujuzi wa mahindi na kuna ujuzi wa muhogo. Jina la kiwanda, mwaka wa mashini, mchoro wa vipande, yote hayo ni mahindi, yanakaa kwenye kitabu na intaneti bila shida. Lakini lile la "sukuma tena, usiseme mbio" ni muhogo. Ken Alexander ni shamba la muhogo. Mzee wa Kadutu ni shamba la muhogo. Na California Typewriter ni filamu iliyotengenezwa na mtu anayejua kupiga picha nzuri za mahindi.

Mutaniambia ninamwonea Nichol. Hebu tuangalie kilichofuata. Filamu ilipendwa, wakosoaji waliisifu, watu wengi walinunua mashini nzee kwa sababu yake. Duka lenyewe, lile ambalo filamu yote inaogopa litafungwa, lilifungwa mwaka 2020. Simlaumu Nichol kwa hilo. Hakuna filamu inayolipa kodi ya duka. Lakini inatuonyesha kwamba upendo wa watazamaji na maisha ya fundi ni vitu viwili, na filamu ilivichanganya. Ilituaga na tumaini kwamba tukizipenda vya kutosha zitabaki. Bila anayejua kufunga kamba, upendo unakusanya vumbi sawa mafuta yangu ya kupikia.

Tazameni pia suala la bei. Mwandishi Cormac McCarthy alikuwa na Lettera 32, aina ileile ya babu yangu, aliyoinunua kwa dola 50 hivi. Mwaka 2009 iliuzwa kwenye mnada wa Christie's, New York, kwa dola 254,500. Na yeye, ili aendelee kuandika, rafiki yake alimtafutia nyingine ya aina hiyohiyo kwa dola 11. Nilipojua hayo nilikaa kimya muda mrefu. Chuma kilekile, mia mbili hamsini elfu upande huu, kumi na moja upande ule. Anayeweka juu ya meza analipia hadithi ya mtu aliyeitumia. Anayeandika anatafuta tu inayofanya kazi, na inafanya kazi kwa sababu mahali fulani kuna mtu aliyeiosha.

Lawama yangu ya pili ni ndogo lakini inatuhusu sisi zaidi. Ndani ya filamu, mashini ya kuandikia ni uhuru. Unakimbia kompyuta, unakaa peke yako, unasikia sauti ya herufi, unakuwa wewe. Sawa. Lakini kwa watu wengi zaidi duniani mashini hii haikuwa uhuru, ilikuwa kazi. Makatibu wa Marekani wenyewe, wengi wao wanawake, walikaa saa nane kwa siku wakipiga barua za wakubwa wao. Hao hawapewi kiti kikubwa katika filamu. India, kampuni ya Godrej & Boyce iliendelea kutengeneza mashini hizi mpaka karibu na mwaka 2009, na mbele ya mahakama za huko kuna watu waliolea watoto wao kwa kupiga hati za wengine kando ya barabara. Nichol hakwenda huko. Filamu yake inajua kwa nini tajiri anarudi kwenye mashini. Haijui kwa nini maskini alikaa nayo.

Nasi tunajua. Wakubwa kidogo kati yetu munakumbuka wale wazee wa mashini waliokaa karibu na biro za komini, na karatasi za kaboni, na foleni ya watu wanaotaka barua ya kuomba kazi. Baadaye ikaja sekretaria, na kompyuta na jenereta, na leo sote tumepita pale kupigisha TFC na memwari. Memwari yangu, sura ya tatu ilimezwa na virusi vya flashi katika sekretaria moja, siku sita mbele ya kuweka kazi. Niliandika upya kutoka karatasi zangu za biki, nikilia. Kwa hiyo John Mayer anaposema juu ya karatasi inayobaki, mimi sihitaji kushawishiwa. Lakini babu alinisimulia pia kwamba ukikosea neno moja chini ya ukurasa, na chini yake kuna kaboni tatu, unaanza upya ukurasa mzima, na mkubwa anasubiri mlangoni. Aliipenda mashini yake sawa mtu anayempenda punda wake: kwa heshima, na bila nyimbo. Heshima hiyo isiyo na nyimbo niliikosa ndani ya filamu, isipokuwa pale Permillion na Ken wanapozungumza. Wao hawaimbi. Wanataja kipande, wanataja bei.

Basi, niitazameni ao niiache? Munitazamie. Ni saa moja na dakika arobaini na kitu zisizopotea. Picha zake zimepigwa kwa uvumilivu, watu wake wanazungumza kwa moyo, na hakuna mahali inapowacheka. Lakini mukiitazama, fanyeni kama mimi mara ya pili: kila Ken anapoonekana, simamisheni. Angalieni mikono yake iko wapi. Rudisheni nyuma. Mutajifunza zaidi pale kuliko kwa maneno yote ya watu maarufu.

Na musiniachie kuilaumu filamu peke yake, juu sisi tunafanya kibaya zaidi. Nichol angalau alimpiga fundi picha. Sisi wenye diploma tunampita. Nilipomwambia mama kwamba kila siku ya posho ninashinda kwa mzee Kadutu, aliniuliza kwa sauti ya chini, ili majirani wasisikie: "Miaka yote ile ya shule, mwanangu, ni ya kwenda kufungua mashini za wafu?" Sikukasirika. Aliuza mbuzi kwa ajili ya shule hiyo. Lakini nikafikiri: mzee ako na vijana wawili wanaomsaidia, na wote wawili wanajifunza kufuli tu, juu kufuli njo inaleta pesa. Cherehani, mmoja anajua nusu. Mizani, hakuna. Mashini za kuandikia, hakuna kabisa. Siku moja akiwa na muda aliniambia: "Miaka mingi watu banaleta vitu banasema, tengeneza. Weye njo wa kwanza kuniuliza vile naifanyaka." Kumbe kuuliza tu kulikuwa jambo la ajabu. Na sisi tumefundishwa kuuliza! Mahojiano, karatasi za maswali, mbinu za utafiti, tumeyalipia yote hayo. Tunakwenda kuuliza wakulima mita ngapi kati ya mstari na mstari, tunaandika, tunatetea, tunapata alama. Kisha fundi wa mtaa wetu anazeeka na vidole vyake.

Simwambii mtu yeyote hapa aache kutafuta kazi akawe fundi wa Olivetti. Soko halipo, tusidanganyane. Mimi mwenyewe nimepeleka barua mbili za kuomba kazi mwezi huu, na nikiitwa nitakwenda. Ninachosema ni kwamba mizani ya soko bado inatumika kila siku, chombo cha kupulizia dawa shambani bado kinatumika, mashini ya kusaga bado inatumika, na vyote vinaharibika, na kwa kila kimoja kuna mzee mahali fulani anayesikia kwa kidole. Huo muhogo bado uko ardhini. Msimu haujapita.

Nirudi kwenye dola 100, juu najua munasubiri. Nilimweleza mzee habari yote: mgeni, pambo, kodi ya chumba. Nilitumaini ataniambia usiuze, ni ukumbusho wa babu, kama vile mtu wa filamu angesema. Hakusema hivyo.

"Uza," aliniambia. "Dola mia ni dola mia. Lakini mbele ya kuuza, ifungue yote, uirudishe yote. Mara tatu. Ya kwanza nitakuonyesha. Ya pili nitakutazama. Ya tatu nitakuwa kwangu, nimelala."

Ya kwanza tumemaliza. Ya pili tumemaliza pia, na kilibaki kiparafujo kimoja mezani ambacho hakuna aliyejua kimetoka wapi. Mzee alikichukua, akakitia mfukoni mwake, akakataa kunijibu. Ya tatu ni siku ya posho inayokuja. Mgeni amesema atasubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Waliokwisha kuiona filamu, muandike hapa chini, hasa kama munaona nimemwonea Nichol. Na wale ambao mtaani kwao kuna mzee wa namna hii, muandike pia anatengeneza nini, na nani anajifunza kwake.